Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya watu unaowaona kila siku na pengine hukupata kuwafikiria. Ni wale wanaozibeba jumuiya zetu za kheri: katibu wa madrasa, mweka hazina wa msikiti, mwalimu wa kike anayesomesha watoto wa mtaa baada ya kutoka kazini kwake, na bwana yule anayegongewa mlango usiku wa manane kuambiwa kwamba kuna maiti hana sanda. Watu hawa wanachoka. Na uchovu wao si ule unaoondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Ni uchovu unaoingia moyoni, mpaka mtu akaichukia kazi ile ile aliyokuwa akiipenda kuliko zote.

Wataalamu wa mambo ya nafsi wameipa hali hii jina. Mwaka 1974 mtaalamu mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu waliokuwa wakijitolea katika zahanati za bure. Aliona kuwa walioanguka hawakuwa wavivu, bali ndio wale wenye bidii na moyo zaidi. Jina alilolitumia lina maana ya kuungua mpaka kwisha, mfano wa utambi ambao mafuta yake yamekauka ukawa unajila wenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaeleza kwamba hali hii si maradhi yenyewe, bali ni jambo linalotokana na dhiki ya kazi ya muda mrefu ambayo haikupatiwa dawa. Dalili zake ni tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kujiona kuwa afanyalo halina faida.

Zingatia, ndugu yangu, kwamba wamelifungamanisha jambo hili na kazi na jinsi inavyopangwa. Lakini sisi, akituachia mtu kazi ya jumuiya, jambo la kwanza tunalolitia ilani ni imani yake. "Fulani siku hizi amelegea," tunasema. "Ameitaka dunia." Hatujiulizi ni mzigo gani tuliomtwika, wala ni miaka mingapi ameubeba peke yake.

Tuangalie basi hali yetu hapa Unguja. Sensa ya mwaka 1967 iliwahesabu watu wa Zanzibar yote, Unguja na Pemba, wakawa 354,815. Sensa ya mwaka 2022 ikawahesabu watu 1,889,773. Hiyo ni zaidi ya mara tano katika muda wa miaka 55. Mji umetoka Mji Mkongwe na Ng'ambo, umeingia Mwanakwerekwe, Fuoni, Tomondo na Bububu. Penye minazi pamekuwa nyumba, na penye nyumba pana watoto, na watoto wanataka chuo.

Mpango wa chuo cha zamani ulikuwa mwema kwa wakati wake. Mwalimu alikaa ukumbini kwake, watoto ishirini au thelathini juu ya mkeka, wanafunzi wakubwa wakiwasomesha wadogo, na kila Alkhamisi mtoto akija na ada yake ndogo. Hapakuwa na daftari kwa kuwa hapakuwa na haja ya daftari. Mwalimu alimjua kila mtoto na baba yake na babu yake. Na wale wakubwa wetu walijua pia kuwa kazi haifungwi kwa roho ya mtu mmoja. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyekuwa na chuo pale Ukutani, alifariki mwaka 1925, na darsa haikufa naye. Alikuwa amekwisha kuwalea watu wa kuishika, na mwanawe, Sheikh Abubakar, akaendelea nayo.

Sasa nitakupa mfano niliouona kwa macho yangu. Ni jumuiya moja ya madrasa katika mitaa ya Ng'ambo, na jina lake nitalisitiri. Ilianzishwa na jamaa watano juu ya baraza baada ya Isha. Walikuwa na watoto thelathini na ubao mmoja. Wakajipanga kama watu wanavyojipanga: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenyezi Mungu akaitia baraka kazi ile. Watoto wakapindukia mia nne. Likafunguliwa tawi shamba, kisha la pili. Pakawa na darsa ya akina mama, futari ya Ramadhani, mfuko wa maziko, na wafadhili wa nje wanaotaka hesabu zilizoandikwa na kutiwa sahihi. Ilipotungwa Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya mwaka 1995, jumuiya ikaandikishwa, ikawa na katiba na muhuri.

Kila kitu kilikua isipokuwa mpango wa kazi. Mashauri yote yaliendelea kukatwa palepale barazani, baada ya Isha, na jamaa wale wale. Kununua boksi la chaki kulingojea ruhusa ya mwenyekiti, na mwenyekiti akiwa safari, watoto huandika kwa vidole mchangani. Ufunguo wa kabati ulikuwa mmoja. Na kila kazi mpya iliyozaliwa, hata ikiwa haina mnasaba na ukatibu, iliwekwa juu ya katibu, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kusema "labeka".

Katibu huyu alikuwa mwalimu wa skuli mchana. Alasiri alisomesha madrasa, Magharibi alikwenda kuonana na wazee, Isha alikaa barazani, na akirudi nyumbani alikuta ujumbe katika simu unamngoja. Mwaka wa kumi hivi akaanza kubadilika. Mtu aliyekuwa hapandishi sauti akawa anawakemea watoto. Akawa akisikia simu inalia, anaigeuza kifudifudi. Siku moja akaleta muhuri na mkoba wa karatasi, akauweka juu ya baraza, akasema, "Masheikh zangu, mnisamehe, mimi sina nguvu tena." Akaondoka.

Alipoondoka ndipo tulipojua alikuwa amebeba nini. Hati ya kiwanja haikujulikana iliko. Hesabu za wafadhili zilikwama. Tawi moja la shamba likafungwa miezi kadhaa, na watoto waliokuwa wamefika juzuu ya kumi wakarudi kucheza barabarani. Hii ndiyo hasara, ndugu msomaji. Hasara haikumpata katibu peke yake; iliwapata watoto ambao hawakuwa na kosa lolote.

Pakaitishwa mkutano. Wengine wakasema imani yake imepungua, wengine wakasema atafutwe kijana mwengine mwenye bidii kama yeye. Mimi nilikuwa hapo kwa kuwa nilisomesha fiqhi kwao siku mbili kwa wiki. Niliwaomba jambo moja tu: tuzihesabu kazi alizokuwa akizifanya bwana yule. Tukazitaja moja moja, kijana akiziandika ubaoni kwa chaki. Zikafika kumi na saba. Palipita kimya. Kisha mzee mmoja akasema, "Basi tulikuwa na mtu mmoja tukamfanya kumi na saba." Na mwengine akakumbuka maneno ya wazee wetu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa mbali nao unauona mwepesi.

Huenda ukasema, "Sheikh, hayo ni mambo ya maofisi. Sisi tunafanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na kazi ya Mungu haihitaji mipango ya kizungu." Nami nakwambia, mpango si wa Wazungu. Rejea katika dini yako.

Nabii Musa (a.s.), alipopewa utume, alimwomba Mola wake ampe msaidizi katika watu wake, nduguye Harun, ashirikiane naye katika kazi ile. Habari hiyo imo katika Sura Taha. Ikiwa Mtume aliyesemeshwa na Mwenyezi Mungu aliomba msaidizi, katibu wa madrasa ataachwaje peke yake?

Sayyidna Abubakar (r.a.), aliposhika ukhalifa, alionekana anakwenda sokoni na nguo begani akauze, kama alivyokuwa akifanya kabla. Akaulizwa, utauza nguo nawe umeshika mambo ya Waislamu? Akasema, nami watu wangu nitawalisha nini? Masahaba wakamkadiria riziki yake katika mali ya Waislamu. Hawakuona aibu, wala hawakusema kwamba anayelipwa hana ikhlasi.

Sayyidna Umar (r.a.) alipoletewa na Abu Hurayra (r.a.) mali kutoka Bahrain, dirham 500,000, alistaajabu akamuuliza kama anajua analolisema. Dola ilikuwa imekua, na ugawaji wa zamani wa mkono kwa mkono haukutosha tena. Akataka shauri kwa watu, na ndipo ikawekwa diwani, yaani daftari la majina na haki za watu. Wanahistoria wengine wanasema ni mwaka wa 15 wa Hijra, wengine wanasema wa 20. Na mpango wenyewe ulitolewa mfano kwa mataifa mengine waliokuwa nao, wala Umar hakuukataa kwa sababu hiyo.

Na Sayyidna Uthman (r.a.), watu walipozidi kuwa wengi Madina, aliongeza adhana siku ya Ijumaa, ikaadhiniwa pale Zawraa, sokoni, ili watu wapate kusikia. Sala haikubadilika, wala khutba haikubadilika. Kilichobadilika ni njia ya kuwafikia watu waliozidi. Hii ndiyo siri ya jambo lote: lengo hubaki, na chombo hukua. Mtu mzima hazivui adabu alizofunzwa utotoni, lakini kanzu ya utotoni huivua, na akiing'ang'ania itampasukia mwilini.

Na juu ya haki ya mwili, inatosha habari ya Salman na Abu Dardai (r.a.). Abu Dardai alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku mpaka mkewe akasahauliwa. Salman akamzuia, akamkumbusha kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki. Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada ya sunna haimruhusu mtu kuidhulumu nafsi yake na nyumba yake, jumuiya itamruhusuje?

Basi jamaa wale walifanya nini? Hawakufanya makubwa, na wewe waweza kuyafanya katika jumuiya yako.

Kwanza, waliziandika kazi zote, wakazigawa kwa watu sita, na kila mmoja akapewa naibu anayejifunza kwake, ili akiugua au akisafiri kazi isisimame. Kila tawi likapewa kamati yake katika wazazi wa palepale. Jambo hili si geni pwani yetu. Programu ya skuli za watoto wadogo za madrasa, iliyoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ilifika Zanzibar mwaka 1990, na ilisimama juu ya kamati za wanakijiji wenyewe waliofunzwa kuendesha skuli yao.

Pili, waliweka fungu dogo mkononi mwa kila mwalimu mkuu wa tawi, la chaki, maji na taa, asiombe ruhusa kwa kila senti, kisha mwisho wa mwezi alete hesabu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inatuamrisha tuandike madeni yetu. Anayeandika hakutuhumu, anakulinda wewe na yeye.

Tatu, waliweka muda. Hakuna anayeshika cheo zaidi ya miaka mitatu bila ya kupumzika. Wazee walioanzisha walifanywa washauri, wakapewa heshima yao, wakapunguziwa ufunguo. Hili ndilo lililokuwa zito kuliko yote, kwani mtu aliyejenga kwa jasho lake huona kugawa kazi ni kunyang'anywa. Liliwezekana kwa kuwa waliambiwa kwa adabu, faraghani, na wakubwa wenzao, si kwa kelele za vijana.

Nne, walianza kutafuta wakfu. Wazee wetu hapa Unguja walijua kuwa msikiti hauishi kwa michango ya Ijumaa peke yake. Wakauwekea nyumba, maduka na mashamba ya minazi. Wakfu hizo leo zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 2007. Mwalimu anayepata riziki yake kwa utaratibu, hata ikiwa ndogo, hasomeshi huku roho iko sokoni.

Tawi lile la shamba limefunguliwa tena. Ama yule katibu, hakurudi katika ukatibu, wala hakuombwa arudi. Ramadhani iliyofuata alikuja akakaa nyuma ya darsa kama mtu yeyote, na msahafu wake mapajani. Wengine waliona ni kidogo. Mimi niliona ni neema, kwani wako waliochoka kama yeye wakauhama hata msikiti.

Nawe uliye mzazi, ambaye huna cheo katika jumuiya yoyote, una fungu lako. Lipa ada ya mwanao kwa wakati, usingoje mwalimu akufuate. Usimpigie katibu simu saa tano za usiku kwa jambo linaloweza kungoja asubuhi. Na ukimwona mtu wa kheri amekuwa mkali au mkimya, usiulize imani yake imekwenda wapi. Muulize ana kazi ngapi, kisha umwombe moja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote wanaoihudumia dini yake, awape nguvu waliochoka, na atujaalie sisi tuwe wenye kusaidiana katika wema na uchaji, tusiwe wenye kutwika na kutazama. Amin.

Wabillahi tawfiq.