Makala yangu ilivyochoma basi la mpwa wangu

Nilipofika kwa dada, Mbweni, Jumamosi ile jioni, moshi ulikuwa bado unatoka kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Mpwa wangu wa darasa la sita alikuwa amekaa juu ya tofali akiutazama.

"Shikamoo anko," akasema bila kugeuka.

Nikamuuliza wanachoma nini. "Mwendokasi," akajibu.

Basi hilo nililijua vizuri. Alikuwa amelijenga kwa karibu wiki sita, akitumia maboksi, vijiti vya mishikaki, mirija na ndala zilizokatika. Kutengeneza magari si jambo geni kwetu. Wengi tuliokulia uswahilini tuliendesha magari ya waya yenye magurudumu ya makopo ya kiwi, na kule Malawi magari hayo yana hata jina lake, galimoto. Lakini huyu hakutaka gari tu. Alitaka mwendokasi kamili, lile refu lenye mkunjo katikati.

Mabasi hayo hayafiki Mbweni. Yalianza kubeba abiria Mei 2016 upande wa Kimara na mjini, naye alikuwa hajaanza hata chekechea. Mimi ndiye niliyempeleka kuyaona. Tulichukua bajaji, kisha daladala, tukafika kituo cha Morocco. Pale alinifanya niyaache mabasi mawili mafupi yapite mpaka lije refu. Tulipopanda kwenda Kivukoni, hakuangalia dirishani hata mara moja. Alisimama kwenye ule mkunjo, akiangalia sakafu inavyozunguka basi linapokata kona.

Nyumbani akaanza hesabu. Basi la kweli lina urefu wa mita 18 hivi. Boksi refu alilokuwa nalo lilitosha sentimita 90. Kwa hiyo kila sentimita yake moja ni sentimita 20 barabarani. Tairi la basi, ambalo kipimo chake kutoka ukingo hadi ukingo ni kama mita moja, likawa sentimita tano. Akalikata kwenye ndala, na hapo ndipo alipofurahi kuliko siku zote, kwa sababu soli ya ndala ile ilikuwa na unene wa sentimita moja na nusu. Ukizidisha kwa 20 unapata sentimita 30, na upana wa tairi la basi hauko mbali na hapo. Ulaya na Marekani watu wazima hununua vipande vya plastiki vilivyokwisha pimwa kiwandani, vya skeli ya 1:24, wakaviunganisha sebuleni kwao. Huyu skeli yake aliitafuta mwenyewe.

(Kabla mtu hajaniuliza: hapana, hesabu za shule hazikupanda. Mtihani uliofuata alipata alama zilezile.)

Mkunjo ulimtesa. Karatasi ilichanika. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na ile myepesi ya siku hizi haikai umbo. Mwishoni akapata tyubu ya baiskeli, akaipasua na kuikunja mithili ya feni ya mkono. Ikakubali. Basi likakata kona.

Sasa lilikuwa majivu. Nikaingia ndani kumuuliza dada kulikoni.

"Si wewe ndiye umeandika?" akasema, akanipa simu.

Ilikuwa makala yangu, imetumwa kwenye kundi la wazazi. Niliandika juu ya gundi ya viatu na toluini, kimiminika kinachoipa harufu ile kali. Mvuke wake huleta kizunguzungu na kichwa kuuma, na anayeuvuta kwa muda mrefu huharibika ubongo na mishipa ya fahamu. Hayo yote ni kweli na ningeyaandika tena. Kichwa cha habari kilikuwa cha kutisha kuliko makala yenyewe (vichwa hatuandiki sisi, ingawa siku ile sikuona aibu yangu ikipungua kwa sababu hiyo), na mwishoni nilikuwa nimewaambia wazazi waondoe gundi nyumbani. Dada aliona mtoto anabandika maboksi kila jioni, akasoma, akaondoa.

Nilirudi nje. "Ulikuwa unatumia gundi gani?"

"Unga wa ngano, anko. Unaupika kama uji. Unatia chumvi, mende wasile."

Sikuwa na la kumjibu. Katika makala nzima sikuandika popote kwamba kuna gundi na gundi.

Nikamuuliza kuhusu taa, maana basi lile lilikuwa linawaka mbele na nyuma. Akasema za mbele mama alizibandua kabla ya kuchoma, akaziweka kwenye meza ya tivii. Zilikuwa taa ndogo kutoka kwenye viberiti vya gesi vyenye tochi, zikitumia betri bapa za ukubwa wa sarafu alizozitoa kwenye rimoti mbovu za magari. Betri mbili kwa jumla, moja mbele, moja nyuma.

Mdogo wake ana miaka miwili. Niliingia sebuleni nikamkuta amekaa chini ya meza ya tivii, waya wa taa mkononi. Betri haikuwepo kwenye waya.

Nimewahi kuzungumza na madaktari juu ya betri hizi. Ikikwama kwenye koo la chakula, mate hufunga mzunguko wa umeme, na pale inapogusa hutengenezwa kemikali inayounguza nyama. Saa mbili zinatosha kuleta madhara makubwa. Hata betri ambayo haiwashi tena taa inaweza kuunguza. Mtoto anaweza kukohoa tu, au kutoa udenda na kukataa kula, ukadhani mafua. Anayeshukiwa kumeza hatapishwi. Anakimbizwa hospitali apigwe eksirei.

Dada alishajifunga khanga tayari kutoka. Tulimfungua mtoto viganja, tukamwangalia mdomoni, tukainua zulia. Moja ilikuwa chini ya kochi. Lakini je, ilikuwa ya mbele au ya nyuma? Kama dada alibandua taa zote, basi moja bado haijaonekana. Yeye hakumbuki, alikuwa na hasira.

Mvulana ndiye aliyetoka. Tulimkuta ameinama kwenye shimo na fimbo, anachambua majivu ya basi lake, anasogeza nyaya na mabaki ya tyubu pembeni. Nilimwambia asishike kitu. Baada ya muda akasukuma kitu cheusi mpaka miguuni pangu. Ilikuwa betri, imepasuka kwa moto.

"Ya nyuma," akasema. "Hiyo ya kochini ni ya mbele."

Dada akakaa chini palepale, na khanga yake.

Usiku ule tulizungumza kwa kirefu, sisi wawili, nje. Nilimweleza nilichopaswa kuandika mwanzo. Uji wa ngano hauna neno. Gundi ya viatu na rangi ya kupuliza ni za mtu mzima, nje penye hewa. Waya wa kulehemu mara nyingi una risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anaweza kufyonza mara nne hadi tano ya mtu mzima kwa kiasi kilekile kilichoingia tumboni. Kwa hiyo kulehemu, hapana. Taa, ndiyo, lakini kwa betri za tochi, zile ndefu, ndani ya kiboksi kilichofungwa kwa skrubu.

"Ungeyaandika hayo," akasema dada.

Wiki mbili baadaye nilipita tena. Kulikuwa na boksi kubwa la feni limeegemezwa mlangoni kwa chumba cha mvulana. Dada alikuwa ameliomba dukani Tegeta, akalileta na bajaji, na hakuwa amemwambia mwanawe neno. Wala yeye hakuwa ameuliza. Nilimkuta amepiga magoti na rula.

"Vipi, linafaa?"

Akalibonyeza kwa kidole gumba. "Linafaa. Ila ni fupi, anko, sentimita 72. Nikate kila kitu upya."

"Sasa itakuwa moja kwa ngapi?"

Akahesabu kimyakimya. "Ishirini na tano," akasema. "Ndala zitakuwa nene mno."