Nilivyolikosea sanduku jekundu

Haya ndugu zangu, leo naungama. Niliporudi kutoka mafunzo ya wiki tatu London na Edinburgh, niliandika makala gazetini kuhusu masanduku mekundu ya barua ya Uingereza. (Kwetu ukisema sanduku la posta, mtu anasubiri umtajie namba. Mimi nasema lile dude la chuma la pembeni mwa barabara, lenye mdomo wa kutumbukizia barua.) Chini ya picha nikaandika kwa kujiamini: sanduku la Mfalme George wa Sita.

Kesho yake simu ikalia chumba cha habari. Mzee mmoja. "Kijana, hilo ni la George wa Tano."

Nikabisha. Nikaitazama picha. Taji, chini yake GR, basi.

Iko hivi. Sanduku huwekwa herufi za mtawala aliyekuwepo lilipotengenezwa, na R ni Rex au Regina, mfalme au malkia kwa Kilatini. VR ni Victoria. George wa Sita, aliyetawala kuanzia Desemba 1936 hadi 1952, ana VI katikati ya herufi zake. Baba yake, George wa Tano, wa 1910 hadi 1936, hakuwekewa namba. Mimi niliona GR nikakisia. Katikati yao yupo Edward wa Nane, ambaye hakufikisha hata mwaka. Ukikuta lake piga picha mbili.

"Shikamoo mzee, tutasahihisha," nikasema, nikidhani yamekwisha.

"Marahaba. Na hapo ulipoandika kila sanduku lina herufi za mtawala, ulihakikisha?"

Sikuhakikisha. Kumbe mengi ya kati ya 1879 na 1887 hayana herufi kabisa. Halafu kuna Scotland. Mwishoni mwa 1952 liliwekwa sanduku la Elizabeth wa Pili eneo la Inch, Edinburgh. Likapakwa lami, likapigwa nyundo, na Februari 1953 likalipuliwa. Waskoti walihoji: wa Pili vipi, wakati Elizabeth wa Kwanza alikuwa malkia wa England, si wao? Tangu hapo masanduku mapya ya huko yakawekwa taji la Scotland tu, bila herufi za malkia.

Mzee akaniuliza kama Edinburgh sikuliona hata moja.

Nililiona. Nilipita nalo kila asubuhi wiki nzima. Nilidhani herufi zimefutika.