Mbavu za Masasi na Barua Niliyoigonga Muhuri



Mwenzangu mmoja niliyesoma naye chuo kule Morogoro alijaaliwa kwenda Korea Kusini kwa masomo ya juu, akakaa huko miaka minne pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Katika ujumbe wake wa simu hakunieleza sana habari za majumba marefu wala treni za chini ya ardhi. Alinieleza habari za mbavu. Wakorea wana namna yao ya kuchoma mbavu za ng'ombe waiitayo galbi. Nyama hupasuliwa nyembamba kandokando ya mfupa, hulazwa katika mchuzi wa soya uliotiwa sukari, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na tunda la peasi lililosagwa ili ilainike, kisha huchomwa juu ya jiko lililo katikati ya meza, walaji wakiigeuza wenyewe.

Lakini mwenzangu huyo aliishi katika mji wenye mamilioni ya watu asiweze kula mbavu hizo popote alipozikuta. Nyama hakujua imechinjwa vipi. Jiko lile lile huweza kuchomewa nguruwe, nyama ipendwayo sana huko, na mchuzi wenyewe huweza kutiwa mvinyo wa mchele. Ilimlazimu kupanda treni hadi mtaa wa Itaewon, ulipo Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976, kwa kuwa pembezoni mwa msikiti ule ndiko yalikokusanyika mabucha na migahawa ya Waislamu. "Huku," aliniandikia, "ukitaka mbavu, tafuta minara kwanza."

Aliporejea nyumbani likizo, Oktoba ya mwaka jana, mabegi yalikuwa hayajafunguliwa aliponiuliza, "Katibu, mbavu za uhakika ziko wapi hapa Masasi?"

Nilicheka. Nikamwambia kwamba hapa kwetu adhana inasikika kila upande, hakuna haja ya kupanda treni. Jioni ile nikawachukua yeye na familia yake, nami na mke wangu na wanetu, tukaenda mahali ambapo neno HALAL limeandikwa ukutani kwa rangi ya kijani. Nilikwenda kwa majivuno kidogo, maana ndani, juu ya meza ya mhasibu, imetundikwa barua ya kamati ya msikiti wetu yenye saini yangu na muhuri wetu.

Ulikuwa msimu wa korosho. Anayeifahamu mikoa yetu ya kusini anajua maana yake. Minada imeanza, wakulima wameanza kulipwa kupitia vyama vyao vya ushirika, na mtu aliyekula ugali wa muhogo kwa kisamvu tangu masika anataka naye aonje nyama. Jiko la nusu pipa lilikuwa limejaa mbavu za mbuzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mchomaji, kijana hodari, alizilaza upande wa mfupa kwanza, mbali na ndimi za moto, ili mafuta yayeyuke taratibu; akazinyunyizia maji ya chumvi na ndimu, na hakuzigeuza upande wa nyama ila mwishoni. Zikaletwa na ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili. Watoto wakanawa mikono.

Hapo ndipo shemeji, mke wa mwenzangu, aliponiuliza kwa upole, "Shemeji Katibu, hapa anachinja nani?"

Hakuuliza kwa kushuku. Miaka minne ya ugenini ilikuwa imemzoesha kuuliza kabla ya kumlisha mtoto. Nami nilifungua kinywa changu nimjibu, nikakuta sina jibu. Nikasema, "Barua yetu ile pale." Akaitazama barua, akanitazama mimi, akasema, "Alhamdulillah," wakala. Mimi nilikula kidogo sana.

Ndugu msomaji, naomba niseme ukweli kuhusu barua ile. Mwenye mgahawa ni mtu mkarimu. Paa la msikiti wetu lilipovuja, bati nyingi zilizoezekwa zilitoka mfukoni mwake. Miaka miwili kabla ya jioni ile alituomba barua ya kuthibitisha kuwa nyama yake ni halali, na kikao kilikubali kwa dakika chache, likiwa jambo la mwisho kabla ya dua. Mimi nikaichapa, nikatia saini, nikagonga muhuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kutazama, nami ndiye niliyekuwa na wajibu wa kwanza wa kwenda. Mtu aliyetuezekea msikiti, nani angemwuliza mbuzi wake wanatoka wapi?

Kesho yake baada ya swala ya alfajiri nilipitia uani kwa mgahawa ule. Nilimkuta yule kijana mchomaji akipanga mkaa, nikamsalimia, nikamwuliza. Hakunificha neno. Katika miezi ya kawaida nyama hununuliwa bucha la sokoni, ambako mbuzi hupitia machinjioni, mchinjaji ni Mwislamu anayejulikana, na afisa mifugo huikagua nyama na kuigonga muhuri. Lakini msimu ukifika nyama ya bucha haitoshi. Hapo vijana huleta mbuzi waliokwisha kuchinjwa na kuchunwa huko vijijini, wakiwa ndani ya viroba nyuma ya pikipiki, kabla jua halijachomoza.

"Nani anawachinja huko?" niliuliza.

"Katibu, mimi naletewa tu."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Huenda nyama ile yote ilikuwa halali, kwani vijiji vyetu vimejaa Waislamu, na mchinjaji hakosekani. Lakini nyama isiyopita mbele ya mkaguzi huenda pia ni ya mbuzi mgonjwa, na huenda ni kibudu, mbuzi aliyejifia, akakatwa shingo baadaye ili asitupwe. Kijana mwenye kiroba hawezi kukuambia, na pengine naye hajui.

Siku mbili baadaye nilimsindikiza mwenzangu Newala kwa wakwe zake. Mnapoiacha Masasi na majabali yake, mkapanda hadi juu ya uwanda wa Makonde, hewa hubadilika ikawa ya baridi, na ukisimama ukingoni pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma likienda mpaka Msumbiji. Baada ya adhuhuri tulipita kwa mama mmoja anayechoma mbuzi kando ya barabara. Mama yule ni Mkristo. Msalaba mdogo ulining'inia shingoni mwake. Wakristo si wageni katika nchi hii yetu. Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876, watumwa walioachwa huru walipoletwa kutoka Unguja pamoja na Askofu Steere, na tangu hapo tumezikana, tumeoleana na kulima mashamba yanayopakana.

Mwenzangu alipotaka kuagiza, mama alimtazama kofia yake, akasema, "Ngojeni kwanza, baba zangu. Mbuzi huyu kachinjwa na mzee wa msikiti ule pale, mnaweza kwenda kumwuliza. Ila kisu hiki jana niliazimwa na jirani yangu wa kitimoto. Nimekiosha mara moja tu. Subirini nikaazime kingine."

Akatuacha na jiko lake na nyama yake, akaenda. Alirudi na kisu cha nyumba ya tatu, akakiosha tena mbele yetu. Mwenzangu alikwenda msikitini, mzee akathibitisha kwamba ndiye aliyechinja. Tukala. Sikuandiki haya, ndugu msomaji, ili kukuagiza uende kwa mama yule, kwani katika mambo ya namna hii kila mtu na utulivu wa moyo wake. Nayaandika kwa sababu nilikumbuka hadithi ya Abu Tha'laba al-Khushani, aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya kula katika vyombo vya watu wa Kitabu, akaelekezwa kwamba wasipopata vingine, wavioshe kisha wale humo. Hadithi hiyo niliisoma darasani na kuijibia mtihani. Mama yule hakuisoma. Lakini alitulindia dini yetu kuliko nilivyowalindia watu wangu mimi niliyeisoma.

Usiku ule nilijadiliana na nafsi yangu. Nafsi ilitaka kupumzika, nayo ilikuwa na hoja yake. Ilinikumbusha hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba watu walimweleza Mtume kuwa wanaletewa nyama na jamaa wageni katika Uislamu, wasijue kama jina la Allah limetajwa juu yake au la. Naye akawaelekeza walitaje wenyewe jina la Allah, wale. Kwa nini basi mimi nifukue? Isitoshe, suala la nani achinje si la kuchezea katika nchi hii. Mwaka 2013 kule Kanda ya Ziwa ugomvi wa machinjo ulifikia kumwaga damu ya watu, na aliyeyashuhudia yale hawezi kutamani kusikia neno kama hilo likipigiwa kelele sokoni.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila ni ya mlaji. Mlaji aliyeandaliwa chakula na Mwislamu mwenzake hakutakiwa kuwa mpelelezi. Anadhania wema, anasema bismillahi, anakula. Aliyeandika HALAL ukutani, na aliyegonga muhuri chini ya maneno hayo, hao wawili wametoa ushahidi, na shahidi hawezi kusema, "Mimi nilidhania." Shemeji alikula kwa sababu ya saini yangu. Mimi nilikuwa nimeshuhudia nisichokiona.

Katika kikao kilichofuata nilisimama nikaeleza kosa langu kabla ya kutaja la mwingine. Nikaomba barua irudishwe mpaka mambo yatengenezwe. Kukawa kimya kirefu. Mjumbe mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Na bati?" Wote tulitazama juu, kama kwamba zilikuwa zinatusikiliza. Mzee wetu mmoja, asiyezoea kusema vikaoni, ndiye aliyejibu: "Bati alimpa Allah. Akitaka malipo yake kwetu, atakuwa amejipunja mwenyewe."

Tulikwenda watu watatu nyumbani kwake baada ya isha, bila kumtangaza mahali popote, maana nasaha mbele ya watu huwa fedheha. Hakutupokea vizuri. Alituuliza ni nani aliyetufunika mvua. Alinitazama mimi akasema, "Saini ni yako, si yangu." Nikamwambia ni kweli, na ndiyo sababu nimekuja. Nilimwomba anisamehe, kwani kama ningemwuliza siku ile ya kwanza, nisingekuja kumwuliza usiku huu. Tuliondoka bila kunywa chai.

Siku ya tatu barua ililetwa msikitini na yule kijana mchomaji, imekunjwa ndani ya bahasha. Neno la kijani likapakwa chokaa. Kwa Ijumaa nne mwenyewe hakuonekana katika safu yake ya mbele, na nisiseme uongo, nililala vibaya Ijumaa zote nne. Ya tano alikuja, akakaa safu ya nyuma karibu na viatu. Baada ya swala aliniita kando, akaniuliza kama kamati inamjua mchinjaji anayeweza kuchukua mbuzi wake katika msimu. Sasa mbuzi wanaletwa kwake wakiwa hai, wanapelekwa machinjioni kama wengine, na nyama ikiisha saa kumi na mbili jioni, jiko linazimwa. Anauza pungufu kuliko zamani na bei imepanda kidogo. Barua mpya tumemwandikia; ina tarehe ya mwisho, na kila baada ya miezi mitatu naenda uani kwake kutazama kwa macho yangu. Bati alizokuwa ameahidi kwa ajili ya madrasa hazijaja. Hatujamkumbusha.

Najua msomaji wa ukurasa huu wa familia anataka jibu la swali la mwenzangu: mbavu za uhakika ziko wapi? Jibu langu ni hili. Ziko pale ambapo ukiuliza "anachinja nani," utatajiwa jina la mtu. Uliza mara moja, kwa adabu, kabla ya kuagiza, na si kwa sauti ya kuwafukuza wateja wengine. Ukijibiwa na Mwislamu unayemwamini, sema bismillahi ule, usiongeze wasiwasi juu ya wasiwasi. Ukiona shaka, acha, mle wali na maharage siku hiyo. Mtume ametufundisha kwamba mwenye kuyaepuka mambo yenye utata ameihifadhi dini yake na heshima yake. Nanyi mlio katika kamati za misikiti, kabla ya kufungua kasha la muhuri, vaeni viatu mwende mkaone.

Mwenzangu amekwisha kurudi Seoul. Juma lililopita aliniandikia kwamba walikuwa Itaewon, na mwanawe wa kiume, mwenye miaka saba, alimwuliza mwenye mgahawa kabla baba yake hajafungua kinywa, "Hapa anachinja nani?" Mwenye mgahawa akamtajia jina.

Wabillahi tawfiq.