Zulia la Matambara

Huku Kakiika, mjini Mbarara, mafundi wa cherehani hubakiwa na vipande vya vitenge visivyotosha hata mfuko wa shati. Sisi huviomba. Vya pamba twavichana kwa mkono, upana wa vidole viwili. Vya nailoni twaviacha, maana huteleza na fundo halishiki. Kisha twasuka kamba kwa mikia mitatu, mfano wa ukili wa mkeka, tukaizungusha kuanzia kitovuni na kuishona kwa shazia. Avutaye uzi kwa pupa hupata bakuli, si zulia!

Mwenzetu mmoja, mama wa Kikongo, alitoka Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958, ambayo leo yamo wilayani Isingiro. Alileta kitenge kilichochakaa, mwenyewe akikiita kikwembe (na wanafunzi wetu wasilicheke neno hilo, ni Kiswahili cha watu). Kilikuwa cha marehemu mama yake. Tulimsihi akihifadhi sandukuni.

“Jamani wenzangu,” akasema, “panya wa sandukuni hamjui marehemu. Na wanangu wanalala juu ya udongo.”

Akakichana mwenyewe, polepole. Kitovuni, panapokanyagwa mno, alikataa kukitia; akakiweka kwenye mzunguko wa nje kabisa. Hakikutosha kuuzunguka wote. Pengo lililobaki, kadiri ya shubiri mbili, tulilimalizia kwa kitambaa cha sare ya shule.