Wangapi?

Katika siku za mwisho za Oktoba tulisafiri kwa baiskeli kutoka Tehuacán hadi mji wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko. Wazee wa jumuiya yetu, walipopata habari hizo, waliuliza kama tulikosa nauli ya basi. Kwetu baiskeli ni chombo cha kubebea makala na magunia ya unga. Kuipanda siku nyingi bila cha kuuza ni jambo lisiloeleweka. Sisi wenyewe hatukuwa na jibu zuri, ila kwamba mwaka uliotangulia tulimzika mtoto wetu wa pekee, na nyumba ilikuwa na kimya kilichotushinda.

Barabara ile hushuka kwanza, hadi bonde la Cuicatlán lenye joto la tanuri, ambamo midungusi husimama mirefu kama nguzo za kanisa. Katika mapango ya pande hizo wataalamu walichimbua magunzi ya mahindi ya kale sana, mengine madogo kuliko kidole. Sisi tuliolelewa kwa bukari tulipaheshimu mahali hapo. Vijijini mahindi bado huchemshwa kwa maji ya chokaa, husagwa, kisha hugeuzwa mikate myembamba juu ya kikaango cha udongo, na mgeni hapiti bila kupewa.

Kila tulipotua kuomba maji, akina mama waliuliza kama wangeuliza wa kwetu: mna watoto wangapi?

“Hatuna,” alijibu mmoja wetu siku ya kwanza.

“Mmoja,” alisema mwingine, wakati uleule.

Kihispania chetu kilikuwa kidogo, lakini kilitosha kwa majibu yote mawili. Yule mama alitutazama kwa zamu, akaenda kuleta maji. Mchana wote tuliendesha mmoja mbele, mwingine nyuma, bila neno. Usiku, ndani ya hema, ndipo tulipoambiana. Aliyesema hatuna hakuwa amesahau, kuhesabu kulimchoma. Aliyesema mmoja hakutaka kumzika mtoto mara ya pili kwa mdomo wake. Hatukupatana.

Jioni ya tarehe 31 tulipokewa katika nyumba moja chini ya mlima. Katika nchi ile, kabla ya Sikukuu ya Marehemu Wote, hungojewa kwanza watoto waliokufa, ambao huitwa malaika wadogo. Altare ilikuwa imekwisha kuandaliwa: maua ya rangi ya chungwa, ubani, peremende, mikate yenye kisura kidogo kilichobandikwa juu. Mwenye nyumba aliuliza swali lile. Tulinyamaza wote wawili, naye akaelewa upesi kuliko wengi waliokuja kutufariji. Akauliza jina. Alilirudia mara tatu, kwa kuwa lilikuwa gumu ulimini mwake, kisha akaweka mkate mmoja mdogo pembeni na kuwasha mshumaa.

Hatuamini kwamba marehemu hula mkate, na sidhani wenyeji wetu waliamini hivyo kwa namna ambayo wageni huwasingizia. Lakini ushirika wa watakatifu, tunaoukiri katika Kanuni ya Imani tangu utotoni, hatukuwahi kuuona umetandikiwa kitambaa na kuwekewa sahani. Tulikaa pale hadi usiku mwingi. Asubuhi tulisali Misa ya Watakatifu Wote, tukasukuma baiskeli kuelekea mlimani.

Mpando ule unapita mita 2000. Aliyetangulia alimngoja mwenzake kwenye kila kona, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya bondeni. Karibu na kilele mama mmoja aliuza machungwa kando ya njia. Mna watoto wangapi?

“Mmoja,” tulijibu pamoja.

“Ana miaka mingapi?”

Hilo hatukuwa tumelizungumza. Mmoja wetu alisema minne. Mwingine alisema mitano. Mama yule alihesabu machungwa tuliyoyalipia, akayatia mfukoni, akaongeza moja.