EKIPE YA PILI

Leo tunataka kuungama jambo moja mbele yenu.

Mwanzo wa mwaka huu wa masomo liste ya ekipe ya kwanza ilibandikwa mlangoni mwa ofisi. Sisi wanne wa kalasi ya nne tuliona majina yetu. Mwenzetu wa tano, tunayekaa naye banki moja, jina lake lilikuwa chini, katika ekipe ya pili. Sisi tulifanya nini? Tulicheka. Tukamwita «Divizio ya Nne». Kesho yake hakuja kwa mazoezi, na juma lililofuata hakuja hata shuleni. Tukasikia yuko sokoni anabeba mizigo.

Mwalimu wetu wa michezo alisikia lile jina la mzaha. Akatuuliza: «Yannick Bolasie munamujua?» Tukajibu kwa makelele: ndiyo! Si yeye alisawazisha na Zambia kwa Kombe la Afrika la 2015, mwaka ule Leopards walipata nafasi ya tatu? «Vema. Alitokea wapi?» Tukanyamaza kimya.

Basi akatueleza. Bolasie alizaliwa Lyon katika 1989, akakomalia London. Alianza Hillingdon Borough, timu ndogo ya pembeni ya mji ule. Akaenda Floriana, kule kisiwa cha Malta. Katika 2008 Plymouth Argyle wakamtwaa, lakini wakamkopesha kwa Barnet. Barnet wakati ule ilikuwa divizio gani? Ya nne! Tukaangalia chini. Kisha Bristol City katika 2011, Crystal Palace katika 2012, na katika 2013 Palace wakapanda divizio ya kwanza. Katika Aprili 2015 alipiga Sunderland magoli 3 kwa dakika 11. Katika 2016 Everton wakamnunua karibu pauni milioni 25. Na kumbe hata juu kule hakuna usalama: Desemba ya mwaka ule aliumia goti vibaya, akakaa mwaka mzima bila kucheza. Ikabidi aanze tena.

Siku ya posho tukaenda kwao na mwenzetu. Mama yake alitupokea vizuri, lakini yeye akabaki mlangoni. «Munakuja kucheka tena?»

Tukamwomba musamaha. Tukamwelezea habari yote ya Bolasie, toka Hillingdon mpaka Everton. Alisikiliza, kisha akauliza: «Na kama angebaki kule Barnet mpaka mwisho?»

Ndugu wasomaji, swali hilo hatukulitazamia. Ni kweli, wengi wanabaki kule, wala hakuna anayejua majina yao. Tukakaa kimya kidogo. Halafu mmoja wetu akasema: «Basi angekuwa mchezaji wa Barnet. Si mutu wa kuchekwa.»

Hakujibu neno. Lakini siku ya kwanza asubuhi tulimkuta amekwisha kukaa kwenye banki, daftari mbele yake.

Hatujui kama ataingia ekipe ya kwanza. Labda mmoja wetu atashuka mbele yeye apande. Tunalojua ni hili: ekipe ya pili inacheza siku ya ine, saa kumi, kiwanja cha chini. Sisi wanne tutakuwa kando ya kiwanja, kushangilia. Mukuje nanyi.

Wanne wa kalasi ya nne