Ukoo Hauna Mpaka

Ukoo wa Mnyamwanga uko kwenye jina lenyewe. Mwanamume ni Simfukwe, dada yake Namfukwe. Babu alinihesabia wazee wetu wanne, wakulima wa ulezi wote, akakwama. Wa tano, alisema, mashamba yake yalikuwa upande ambao leo ni Nakonde, Zambia. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hukohuko Ulaya, ukoo mmoja ukajikuta una serikali mbili. Vitabu vya ubatizo navyo havifiki mbali: Wamoraviani walianza Mbozi mwaka 1899. Kabla ya hapo, maktaba ni vichwa vya wazee.

Sasa mdogo wangu kapata mchumba Nakonde, muuza vitenge. Jina? Namfukwe! Mama kanyamaza. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani.

“Kaka, yule Mzambia bwana!” dogo analalamika.

Wazee wamesema majina huweza kufanana, tutafute babu. Basi nina daftari: majina yetu kushoto, ya kwao kulia. Yakikutana, harusi hakuna. Bibi mmoja tu kule ndiye anayemkumbuka wa tano, na macho yake yamechoka. Jumamosi navuka. Wewe kijana mwenzangu, umemuuliza nani?